Mdharau ukucha, mguu huota tende

Wiki hii sizungumzii bei ya unga wala foleni za barabarani. Nazungumzia kitu kidogo kuliko punje ya mchele, ambacho kilininyima usingizi siku nne: pembe ya ukucha wa kidole gumba cha mguu.

Nilinunua viatu vya mitumba, vimechongoka mbele, vinapendeza machoni. Vilinibana, nikajipa moyo kwamba vitatanuka. Juma la pili pembe ya ukucha ikaanza kuuma. Nikashika wembe, nikaichimba. Nikapata nafuu siku mbili tu. Kisha kidole kikavimba, kikawa cha moto, hata shuka likikigusa nasikia uchungu. Hospitalini daktari alikitazama akacheka: "Mzee, umeukata ukucha, lakini mwiba umeubakiza ndani."

Akanieleza. Ukikata ukucha kwa kuuzungusha pembeni, nyama hupanda na kujaa pale ulipokuwa ukucha. Ukucha unapoota tena, hukuta njia imezibwa, ukaichoma nyama. Mara nyingi pia hubaki kichongo usichokiona. Mwili nao hupambana nacho kama unavyopambana na mwiba. Viatu vya kubana, kujikwaa, kupiga mpira na jasho la miguu huzidisha. Wengine wamezaliwa na kucha zilizojipinda.

Dalili za mwanzo ni maumivu na uvimbe upande mmoja wa ukucha. Kwa sisi weusi wekundu huenda usionekane vizuri. Angalia ngozi iliyovimba, inayong'aa na yenye joto. Baadaye hutoka usaha, na kinyama laini kinachovuja damu kikiguswa.

Ukiwahi, unaweza kujitibu nyumbani. Loweka mguu katika maji ya uvuguvugu, ukitaka tia chumvi, dakika 10 hadi 20, mara tatu au nne kwa siku. Ukaushe vizuri. Isukume nyama taratibu iachane na ukucha. Vaa kandambili au viatu vya wazi. Usichimbe. Usiponafuu baada ya siku chache, au ukiona usaha, nenda hospitali.

Huko usiogope. Unachomwa sindano ya ganzi kwenye kidole, kipande cha ukucha kilichozama kinaondolewa, na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Tatizo likijirudia, daktari huweza kuua sehemu ya mzizi wa ukucha kwa dawa ili upande ule usiote tena. Vidonge peke yake, ndugu zangu, haviung'oi mwiba. Ukivinunua dukani bila kuandikiwa, unapoteza fedha na wakati.

Sasa sikilizeni hili. Jirani yangu mmoja, mzee mwenye kisukari, alipata tatizo kama langu. Hakusikia maumivu, kwa sababu kisukari kilishaua hisia za miguu yake. Alipogundua, kidole kilikuwa cheusi, nacho kikakatwa. Mwenye kisukari asijitibu hata siku moja; akiona uvimbe leo, aende leo. Watoto wamkague mzazi wao miguu kila jioni.

Kinga haina gharama. Kata kucha moja kwa moja, usizungushe pembe, wala usizifupishe mno. Nunua viatu jioni, miguu ikiwa imetanuka kwa kutembea, na vidole vipate nafasi. Badilisha soksi kila siku. Na wale vijana wanaopita mitaani na beseni kutusafisha kucha, tuwaheshimu kwa kazi yao, lakini tuwape mkasi wetu wenyewe. Kifaa chenye damu ya mtu mwingine kinaweza kuleta homa ya ini au UKIMWI.

Viatu vile nimempa mpwa wangu, mwenye mguu mdogo. Ukucha wangu bado unaota. Wa gumba la mguu huchukua mwaka na zaidi kukua wote. Ninausubiri, na wembe nimeuweka mbali.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.