Miliwati za Kuaminiana

Mwaka 2010 kampuni ya Casio ilianza kuuza projekta nyembamba za ofisini na madarasani ambazo hazikuwa na balbu ya kawaida. Sehemu kubwa ya mwanga wa kila projekta ilitokana na diodi 24 za leza ya buluu zilizopangwa pamoja, kila moja ikiwa na nguvu ya takriban wati moja. Walimu na mameneja waliozinunua hawakulijua hilo, wala halikuwahusu. Waliolishika haraka ni wapenzi wa leza wa Marekani na Ulaya, watu ambao jioni baada ya kazi hukaa mezani na bisibisi na solda. Waligundua kwamba ilikuwa nafuu kununua projekta nzima na kuivunja kuliko kuzisaka diodi hizo moja moja kwa mtengenezaji.

Basi projekta zikaanza kuvunjwa. Mtu ananunua moja, anang'oa diodi zote 24, anabaki na mbili tatu, nyingine anawauzia wenzake mtandaoni. Aliyeuziwa anaipachika diodi yake ndani ya ganda la tochi la alumini, anaifungia lenzi, sakiti ndogo ya kudhibiti umeme na betri ya lithiamu. Anaichezea miezi kadhaa, anaichoka, kisha anaiuza ili apate fedha ya kununua ya rangi nyingine. Kwa mwendo huo kifaa kimoja kinaweza kupita mikononi mwa watu wanne au watano katika nchi tofauti, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukutana na mwenzake ana kwa ana.

Mwaka huohuo Wicked Lasers, kampuni ya Hong Kong, ikatoa leza ya mkononi iliyoitwa S3 Arctic: wati moja, rangi ya buluu, bei chini ya dola 200. Julai 2010 Lucasfilm, wenye filamu za Star Wars, wakaiandikia kampuni hiyo barua ya kisheria wakilalamika kwamba umbo la kifaa limefanana mno na upanga wa mwanga wa filamu zao. Kama kuna tangazo la bure lililowahi kutolewa na wanasheria, ni hilo. Habari zilienea magazetini, na watu ambao hawakuwahi kuwazia kumiliki leza wakaagiza. Wengi wao ndio waliokuja kuwa wauzaji wa mtumba baadaye.

Wati moja inaweza kusikika kama kitu kidogo, maana hata balbu ya LED ya sebuleni hutumia wati tisa au kumi. Tofauti ni kwamba balbu humwaga mwanga wake chumba kizima, ilhali leza huupeleka wote upande mmoja katika mstari mwembamba. Mstari huo ukiingia kwenye jicho, lenzi ya jicho huukusanya zaidi, hadi mwanga unaoifikia retina unakuwa mkali takriban mara laki moja kuliko ulivyokuwa ukigusa uso wa jicho. Ndiyo maana leza hupangwa kwa madaraja. Daraja la 2 huishia miliwati 1, na hapo jicho hujiokoa lenyewe kwa kufumba ndani ya robo sekunde. Daraja la 3R huishia miliwati 5. Kuanzia hapo hadi miliwati 500 ni daraja la 3B, na zaidi ya hapo ni la 4. Katika madaraja haya mawili ya mwisho, kufumba hakusaidii kitu: jicho linapofumba, madhara yamekwisha kutokea. Leza ya wati moja yenye mstari mwembamba inaweza kulidhuru jicho la mtu aliye umbali wa zaidi ya mita 200.

Kwa hiyo anachonunua mtu katika soko hili, zaidi ya ganda na betri, ni namba: miliwati ngapi. Na namba hiyo haionekani kwa macho.

Jicho la binadamu halipimi rangi zote kwa mizani moja. Huiona kijani vizuri sana na buluu kwa uhafifu. Leza ya kijani ya miliwati 100 huonekana kung'aa zaidi kuliko ya buluu yenye nguvu mara kumi ya hiyo. Picha nazo hazisaidii. Kamera ikiachwa wazi kwa sekunde kadhaa gizani, hata leza dhaifu hutoka kama nguzo nene ya mwanga inayopasua mawingu, na kila tangazo la mauzo lina picha ya namna hiyo. Programu za simu zinazodai kupima nguvu ya leza ni mzaha mtupu, tena wa hatari kwa simu yenyewe, kwani leza kali huunguza kihisi cha kamera.

Kinachoaminika ni kipimo cha joto: kifaa chenye kibamba cheusi kinachopokea mwanga, kinapata moto, na kutafsiri moto huo kuwa miliwati. Katika duru za wapenzi wa leza, muuzaji wa mtumba asiye na kipimo hicho hatazamwi mara mbili. Anatakiwa aweke video inayoonyesha kioo cha kipimo tangu leza inapowashwa ikiwa baridi hadi imepata joto, kwa sababu leza nyingi huanza kwa kishindo na kupungua nguvu kadiri zinavyopata moto. Anatakiwa pia apige picha ya kifaa kikiwa kando ya karatasi yenye jina lake na tarehe ya siku hiyo, ili isiwe picha iliyoibwa kwenye tangazo la mtu mwingine. Sifa ya muuzaji ndiyo dhamana pekee iliyopo, na kuijenga huchukua miaka.

Hata hivyo kuna maradhi ambayo kipimo hakiyaoni. Wapo wanaoilisha diodi umeme mwingi kuliko iliopangiwa na kiwanda ili wapate miliwati za kujisifia. Diodi ya namna hiyo itang'aa leo na kesho, kisha siku moja uso wake mdogo wa ndani unaungua ghafla, na kuanzia hapo inatoa mwanga hafifu uliotawanyika kama LED ya kawaida. Aliyeinunua wiki moja kabla hana wa kumdai. Lenzi yenye chembe ya vumbi iliyoungulia juu yake hupotosha mstari wa mwanga. Betri nazo ni somo la pekee: betri za lithiamu za aina ya 18650 zinazoandikwa 9,900 mAh zimejaa mitandaoni, ilhali halisi za ukubwa huo hazifiki hata 5,000. Tena tangu Aprili 2016 betri za lithiamu-ayoni zinazosafirishwa zenyewe kama mizigo zimezuiwa kwenye ndege za abiria, hivyo muuzaji makini hutuma leza bila betri na kumwachia mnunuzi atafute yake.

Hayo ni ya watu wanaojua wanachouza. Nje ya duru hiyo, lebo za leza zimechakachuliwa kwa namna mbili zinazopingana. Zipo leza za kijani za bei poa, kama ile iliyoenea duniani kwa jina la Laser 303 yenye ufunguo mdogo kitakoni, ambazo hutangazwa kuwa na maelfu ya miliwati lakini mara nyingi zikipimwa hukutwa na makumi tu. Hapo mnunuzi kapoteza fedha. Aina ya pili ni mbaya zaidi: lebo inasema chini ya miliwati 5, kifaa cha kuelekezea maandishi ukutani, kumbe ndani kuna nguvu nyingi. Mwaka 2013 wataalamu wa NIST, taasisi ya vipimo na viwango ya Marekani, walitangaza matokeo ya kupima kalamu za leza 122. Karibu asilimia 90 ya za kijani, na asilimia 44 hivi ya nyekundu, hazikufuata kanuni za usalama za nchi hiyo.

Kwa nini kijani zaidi? Kalamu nyingi za kijani hazianzi na kijani. Ndani yake kuna diodi inayotoa mwanga wa infraredi wa nanomita 808, ambao jicho halioni. Mwanga huo huingia kwenye fuwele ya kwanza na kugeuka kuwa wa nanomita 1064, nao hauonekani, kisha fuwele ya pili huugeuza kuwa kijani cha nanomita 532. Mwishoni panatakiwa kichujio cha kuzuia infraredi iliyosalia. Kichujio ni kitu kidogo chenye gharama, na kiwanda kinachobana senti hukiacha. Mwaka 2010 NIST hiyohiyo ilieleza kisa cha kalamu ya dola 15 iliyotoa kijani kidogo mno, huku ikimwaga karibu miliwati 20 za infraredi. Mwenye kalamu hiyo akiona mwanga umefifia atadhani betri inakwisha, pengine aiuze kwa bei ya kutupa. Kumbe ni changa la macho, na safari hii msemo huu una maana yake yote: kinachodhuru hakionekani, na jicho halifumbi.

Madaktari wa macho wameyaandika matokeo. Septemba 2010 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha habari ya kijana wa miaka 15 wa Uswisi aliyeagiza kupitia intaneti leza ya miliwati 150. Alipasulia maputo, akatobolea kadi, akaunguza raba za dada yake. Kisha akacheza nayo mbele ya kioo, mwanga ukarudi na kumpiga machoni mara kadhaa. Aliogopa kuwaambia wazazi, akakaa wiki mbili akificha, hadi aliposhindwa kuigiza kwamba anaona. Mwaka 2018 jarida hilohilo likaeleza kisa cha mtoto wa miaka tisa wa Ugiriki aliyetoboka retina kwa kuutazama mara kwa mara mwanga wa kalamu ya kijani. Riyadh nako, madaktari wa Hospitali ya Macho ya King Khaled wamechapisha mfululizo wa visa vya wagonjwa walioumizwa na leza za buluu za mkononi, zile za ukoo wa Arctic, baadhi yao wakiwa na matundu kwenye sehemu ya retina inayosomea na kutambua nyuso.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, leza hizi labda zinajulikana zaidi kutoka viwanjani. Machi 29, 2022, Senegal na Misri zilipofika kwenye mikwaju ya penalti ya kuwania Kombe la Dunia, uso wa Mohamed Salah uligeuka kijani kwa jinsi mashabiki walivyommulika. Alipiga juu ya lango. FIFA ikalitoza shirikisho la soka la Senegal faranga 175,000 za Uswisi kwa vurugu za siku hiyo. Mwaka uliotangulia, kipa wa Denmark, Kasper Schmeichel, alimulikwa Wembley kabla ya penalti ya Harry Kane, na Uingereza ikatozwa na UEFA euro 30,000 kwa hilo pamoja na makosa mengine ya mashabiki.

Angani hali ni nzito zaidi. Mwanga unaofika kwenye ndege hutawanywa na mikwaruzo midogo ya kioo cha mbele na kujaza chumba cha marubani, mara nyingi wakati wa kutua. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilipokea taarifa 13,304 za ndege kumulikwa mwaka 2023. Tangu 2012, kumulika ndege ni kosa la jinai huko, kifungo hadi miaka mitano.

Sheria za biashara yenyewe hazifanani. Marekani mtu anaweza kumiliki leza kali, ila kuiuza kama kalamu ya kuelekezea ikizidi miliwati 5 ni marufuku, na anayeibadilisha leza iliyothibitishwa huhesabiwa kuwa mtengenezaji, pamoja na wajibu wote wa mtengenezaji. Wale wanaojenga jioni mezani kisha kuuza wanaangukia hapo, wapende wasipende. Baada ya ndege kadhaa kumulikwa kwa pamoja Sydney mwaka 2008, Australia ilizuia uingizaji wa kalamu zinazozidi miliwati 1 bila kibali. New Zealand ilifuata Machi 2014: leza kali hutolewa tu kwa mtu aliyeidhinishwa. Kati ya nchi hizi, Uswisi ndiyo iliyobana zaidi. Kuanzia Juni 1, 2019 haikuruhusu tena kalamu za madaraja ya hatari kuingizwa wala kuuzwa, na waliokuwa nazo nyumbani wakapewa mwaka mmoja wa kuziondoa. Mtumba wa mtu ukageuka taka za hatari. Mnunuzi anayeagiza kutoka nchi nyingine basi ana maswali mawili ya kujibu kabla ya kulipa: sheria ya atokako muuzaji, na ya forodha ya kwao.

Miwani ya kujikinga ndiyo sehemu ambayo wauzaji wa mtumba huitaja kwa sauti ya chini. Miwani ya jua haifai kabisa. Ya leza hutengenezwa kwa rangi maalumu: ya rangi ya chungwa inayozuia buluu na kijani huipitisha nyekundu bila kipingamizi. Miwani ya plastiki inayotupiwa bure ndani ya kifurushi, isiyoandikwa inazuia nanomita zipi na kwa kiwango gani, haistahili kuaminiwa. Inayofaa inaweza kugharimu karibu sawa na leza yenyewe iliyotumika, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya kwamba watakuwa waangalifu tu.

Diodi za buluu, kwa upande wake, zimepata ajira ya heshima. Ziko kwenye mashine za kuchonga maandishi juu ya mbao, ngozi na vikombe vya zawadi. Mashine zilizo wazi bado ni daraja la 4, ila zilizofungwa ndani ya kasha lenye swichi inayokata umeme kifuniko kikifunguliwa zinaweza kupewa daraja la 1. Mashine hizo nazo sasa zinauzwa kwa mtumba, na cha kwanza cha kukagua ni ile swichi ya kifuniko, kwa kuwa mwenye mashine wa kwanza huenda aliinyamazisha kwa kipande cha waya ili aone kazi ikiendelea.