Kiranja wa Mwalimu, Mwakilishi wa Wanafunzi

Baraza la wanafunzi ni chombo cha wanafunzi waliochaguliwa na wenzao ili wapeleke hoja zao kwa uongozi wa shule, warudishe majibu, na wasimamie baadhi ya shughuli za shule. Neno lenye uzito hapo ni "waliochaguliwa". Hilo ndilo linalolitenga baraza na mfumo wa viranja ambao shule nyingi za Afrika Mashariki ziliurithi kutoka kwa wakoloni.

Mfumo wa viranja ulikulia Uingereza. Thomas Arnold, mwalimu mkuu wa shule ya Rugby kuanzia 1828 hadi 1841, aliwapa wanafunzi wakubwa mamlaka ya kusimamia nidhamu ya wadogo, na shule nyingine zikamwiga. Huku kwetu akapatikana kaka mkuu, dada mkuu, kiranja wa bweni na kiranja wa chakula, kwa kawaida wote wakiteuliwa na walimu na kuwajibika kwao. Kiranja aligonga kengele, akaandika majina ya wapiga kelele, akahesabu waliochelewa mstarini. Wenzake walimwita mnoko. Kazi yake ilikuwa na faida, maana mwalimu hawezi kuwa kila mahali, lakini amri zilishuka kutoka ofisini na malalamiko yalibaki bwenini.

Kenya imeonja uchungu wa malalamiko yasiyo na pa kwenda. Mwaka 1999, katika shule moja ya wavulana mjini Nyeri, viranja wanne walifungiwa chumbani usiku na kuchomwa moto na wanafunzi wenzao. Mwaka 2008 ghasia zilizuka katika mamia ya shule za sekondari nchini humo. Mwaka uliofuata liliundwa baraza la kitaifa la wanafunzi wa sekondari, kwa msaada wa UNICEF, na shule zikahimizwa kuwapa wanafunzi kura ya kuchagua viongozi wao. Kisha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi katika bodi ya usimamizi ya shule. Hata hivyo, mwaka 2016 mabweni yaliungua tena katika shule zaidi ya 100. Sheria inaweza kumpa mwanafunzi kiti, lakini haiwezi kumlazimisha aliyekaa naye mezani amsikilize.

Tanzania imefikia wazo la kuwapa wanafunzi sauti kwa njia nyingine. Katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967, Mwalimu Nyerere alitaka wanafunzi washirikishwe kuamua mambo ya shamba la shule na matumizi ya mapato yake, wasiwe vibarua wa kupangiwa tu. Mwaka 1996 ulianza mpango wa Tuseme, ulioongozwa na Profesa Penina Mlama wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wasichana wa sekondari walitaja wenyewe yanayowakwamisha masomoni, wakayaigiza mbele ya walimu na wanajamii, kisha wakajadiliana nao hatua za kuchukua. Msichana ambaye angeona haya kusema ofisini kwamba ananyanyaswa aliweza kulisema hilo jukwaani kwa kinywa cha mhusika. Mpango huo baadaye ulivuka mipaka na kuingia nchi nyingine za Afrika.

Baraza linalofanya kazi huanzia darasani. Kila darasa na kila bweni huchagua wawakilishi wake kwa kura ya siri, na ni busara kutenga nafasi za wasichana, wanafunzi wenye ulemavu na wa madarasa ya chini, la sivyo sauti zote zitakuwa za kidato cha nne. Huwapo mwalimu mlezi, ratiba ya vikao inayojulikana, na katibu anayeandika muhtasari. Daftari hilo la muhtasari ndilo roho ya baraza. Hoja isiyoandikwa husahaulika, na aliyeahidi kuishughulikia hawezi kuulizwa.

Chukua suala la maharage, ambalo huenda limevunja amani ya shule nyingi kuliko mtihani wowote. Wanafunzi wanalalamika kwamba yana wadudu. Pasipo baraza, manung'uniko yanazunguka mabwenini hadi siku sahani zinaporushwa. Penye baraza, mwakilishi wa chakula anaingia stoo pamoja na mwalimu wa zamu na mpishi, wanafungua gunia, wanamwaga kiasi kwenye ungo na kutazama. Pengine wataona gunia limekaa juu ya sakafu yenye unyevu, na dawa yake ikawa vichanja vya mbao na kupepeta kabla ya kupika. Pengine bei imepanda na bajeti haitoshi. Mwakilishi atarudi darasani na jibu hilo, hata kama ni chungu. Mwanafunzi aliyeelezwa kwa nini nyama imepunguzwa anaweza kununa, lakini hana sababu ya kudhani kuna mtu anakula fedha zake.

Yapo na mambo ambayo watu wazima huwa hawayaoni. Choo cha wasichana kisicho na komeo, maji wala ndoo ya taka humfanya msichana akae nyumbani siku za hedhi. Mwalimu wa kiume anaweza kupita hapo miaka 10 bila kuligundua hilo, lakini mwakilishi wa kike atalitaja katika kikao cha kwanza.

Faida hizo hazikomei getini. Mwanafunzi akianza utoro, anayejua sababu mapema ni jirani yake wa dawati: mama anaumwa, kijana amepata kibarua machimboni, au binti anatafutiwa mchumba. Baraza likizoea kufikisha habari hizo kwa mwalimu wa malezi, naye akazipeleka kwa serikali ya kijiji au ofisi ya ustawi wa jamii, mtoto huweza kurudi darasani kabla mambo hayajaharibika. Kusafisha soko na kupanda miti kwenye chanzo cha maji ni kazi njema pia, mradi wanafunzi wameamua wenyewe na wanakijiji wamekubali kuitunza miche shule ikifungwa.

Linaloua baraza upesi ni kuligeuza kuwa polisi wa walimu, likakabidhiwa fimbo badala ya hoja. Lingine ni kumwadhibu mwakilishi kwa sababu ya ujumbe aliotumwa, kwani baada yake hakuna atakayesema kweli.

Mzazi anayetaka kujua kama shule ya mwanawe ina baraza la kweli amwulize mtoto maswali mawili: mwakilishi wa darasa lenu ni nani, na mara ya mwisho aliwaletea jibu gani?