Spana ya Kuchomeka: Jina Lake na Namna ya Kuitambua Iliyo Bora

Kuna kifaa kimoja kidogo ambacho siku hizi hakikosekani katika sanduku la fundi wa baiskeli, wa pikipiki au wa mitambo ya kiwandani, wala katika nyumba ya mtu aliyenunua meza ya kuunganisha mwenyewe. Hata hivyo, ukikitafuta katika kamusi zetu nyingi hukioni. Ni kile kijiti cha chuma chenye mabapa sita, kilichopindwa mfano wa herufi L, ambacho huchomekwa katika tundu la kichwa cha bolti na kuzungushwa. Mafundi wengi hukiita "alenki", wengine "aleni", na wengine "spana ya L". Makala haya yanakusudia kueleza mambo mawili ambayo, kwa maoni ya mwandishi, hayatenganiki: kifaa hiki kiitweje kwa Kiswahili, na mnunuzi akitambueje kilicho bora. Hayatenganiki kwa sababu mnunuzi asiye na maneno ya kutaja sifa za kitu hulazimika kuyakubali maneno ya mwuzaji.

Tuanze na jina. "Alenki" limetokana na jina la mtu. William G. Allen, wa mji wa Hartford katika jimbo la Connecticut, Marekani, alipata hataza mwaka 1910 juu ya namna ya kutengeneza skrubu zenye tundu la pembesita kwa kukigandamiza chuma kikiwa baridi. Wazo la tundu la namna hiyo lilikuwapo kabla yake. Yeye alirahisisha kazi ya kulifanyiza. Wakati huo viwanda vilihitaji sana skrubu hizo. Magurudumu ya mikanda yalikazwa kwenye mihimili inayozunguka kwa skrubu zenye vichwa vya mraba vilivyochomoza nje, na vichwa hivyo vilikuwa vikinasa nguo na mikono ya wafanyakazi. Skrubu yenye tundu huzama yote ndani, haiachi kitu cha kunasa.

Si sisi peke yetu tuliokipa kifaa hiki jina la mwenye mali. Wajerumani hukiita kwa neno "Inbus", lililoundwa kutokana na herufi za mwanzo za maneno ya Kijerumani yenye maana ya skrubu ya pembesita ya ndani, pamoja na majina ya wenye kiwanda, Bauer na Schaurte wa mji wa Neuss. Jina hilo ni la mwaka 1936. (Wajerumani wengi wenyewe hulitamka "Imbus", kwa hiyo kukosea maneno ya ufundi si tabia ya taifa moja.) Waitalia hutumia jina la ukoo la Egidio Brugola, mwenye kiwanda cha skrubu. Wanorwe na Wadenmark husema "unbrako", ambalo ni jina la biashara la kampuni ya Marekani. Basi fundi wa Kariakoo asemaye "alenki" hana kosa lolote, na wala si nia ya makala haya kumnyang'anya neno lake.

Hata hivyo neno hilo lina upungufu wa aina mbili. Kwanza, halimwelezi mwanafunzi wa ufundi kitu chochote kuhusu umbo wala kazi ya kifaa. Pili, halizai. Mwaka 1967 kampuni ya Camcar Textron ya Marekani ilibuni tundu lenye umbo la nyota ya ncha sita, nalo likapewa jina la biashara la Torx. Utasikia watu wakiita spana yake "alenki ya nyota", ingawa Allen hakuhusika na nyota hiyo hata kidogo. Jina la mtu likigeuzwa kuwa jina la jamii nzima ya vitu, kila kinachozaliwa baadaye hulazimika kubeba ukoo usio wake.

Yako maneno kadha yanayoweza kupendekezwa. "Ufunguo pembesita" ni tafsiri ya sisisi ya lugha za Ulaya, ambako neno moja hutumika kwa kifungua kufuli na kwa kikaza bolti. Kiswahili kimekwisha kuvitenga vitu hivyo viwili: kufuli ina ufunguo, nati ina spana. Hakuna faida ya kuvichanganya upya. "Spana pembesita" ni bora zaidi, lakini lina utata ambao fundi ataubaini mara moja. Spana duara, ile inayovishwa juu ya nati, nayo ina pembe sita ndani yake, au mara nyingi kumi na mbili, na kazi yake ni kukaza vitu vya pembesita. Tofauti ya kweli haiko katika idadi ya pembe. Iko katika mahali spana inaposhika: nyingine hukikamata kichwa kwa nje, hii huingia ndani yake.

Kwa sababu hiyo mwandishi anaona kwamba jina la jamii lifaalo ni "spana ya kuchomeka", na aina zake zitajwe kwa umbo la ncha: spana ya kuchomeka ya pembesita, spana ya kuchomeka ya nyota, na kadhalika. Mahali ambapo hakuna hofu ya kukosea, "spana pembesita" litatosha kwa ufupi. Ile yenye mpini ulionyooka kama wa bisibisi iitwe bisibisi pembesita. Bolti yenyewe iwe "bolti ya tundu". Ile skrubu isiyo na kichwa, inayozama yote, iitwe "skrubu zama".

Sehemu za spana hii zinaweza kupata majina bila taabu, maana mwili wa binadamu umekwisha kutukopesha. Kuna mkono mrefu na mkono mfupi, na baina yake kiwiko. Kila upande ulio sawa ni bapa, na mahali mabapa mawili yakutanapo ni pembe. Baadhi ya spana zina ncha iliyochongwa mviringo ili iweze kuingia kwa mshazari. Hiyo ni ncha tufe, na pale ilipopunguzwa chini yake ni shingo.

Neno "bapa" lina uzito kuliko yote, kwa kuwa ndilo linalotwambia kipimo. Spana ya milimita 5 ina upana wa milimita 5 kutoka bapa hadi bapa la pili linaloelekeana nalo, si kutoka pembe hadi pembe. Kipimo cha pembe hadi pembe huzidi kwa takriban sehemu 15 katika 100. Tena kipimo hicho si cha bolti. Bolti ya tundu ya kawaida yenye hesi ya M6, yaani unene wa milimita 6, huhitaji spana ya milimita 5; M8 huhitaji ya 6; M10 huhitaji ya 8; na M12 huhitaji ya 10. Skrubu zama huhitaji ndogo zaidi: M6 ni milimita 3 tu, na M8 ni 4. Hii ndiyo sababu skrubu zama huharibika upesi kuliko bolti nyingine, na ndipo spana dhaifu hudhihirika.

Dukani watu husema "nipe namba tano". Tano ya nini? Mitambo mingi nchini ni ya milimita, lakini mashine za zamani kutoka Uingereza na nyingi za Marekani ni za inchi. Spana ya 3/16 ya inchi ina milimita 4.76. Itaingia katika tundu la milimita 5 bila kizuizi, na fundi atadhani ameipata. Pengo lililobaki ni karibu robo ya milimita. Akikaza kwa nguvu, spana hujipinda kidogo ndani ya tundu, nguvu yote huangukia pembe badala ya mabapa, na pembe za bolti hulika. Spana ya milimita 6 katika tundu la robo inchi, ambalo ni milimita 6.35, hufanya vivyo hivyo. Kwa upande mwingine, 5/32 ya inchi ni milimita 3.97, karibu sawa na 4. Bahati hiyo ya namba chache ndiyo inayowafanya watu waamini kwamba nyingine zote hulingana. Bolti iliyolika pembe ndani ya injini haitoki ila kwa kutobolewa kwa keekee, na mara nyingine kazi hiyo huzidi thamani ya bolti mara nyingi. Kwa hiyo neno "namba" lisiachwe peke yake: iwe milimita 5, au 3/16 ya inchi.

Sasa kuhusu ubora. Mwuzaji atakwambia kwamba spana ni "imara". Neno hili linaficha sifa tatu ambazo mhandisi huzitenga, nasi hatuna budi kuzitenga. Ugumu ni uwezo wa chuma kutobonyea wala kuchakaa usoni. Ushupavu ni uwezo wa kupokea nguvu na mshtuko bila kukatika. Uthabiti wa umbo ni uwezo wa kurudi katika umbo la awali baada ya kupindwa. Kioo ni kigumu lakini si kishupavu. Risasi hupindika bila kukatika, lakini si ngumu. Spana iliyo ngumu mno hukatika ghafla na kumjeruhi mkono fundi. Iliyo laini mno huzunguka kama kamba na pembe zake kuviringika. Ubora wake ni mizani baina ya mambo hayo, na mizani hiyo hupatikana kwa namna mbili: mchanganyiko wa chuma, na jinsi kilivyopashwa moto, kikachovywa ili kiwe kigumu, kisha kikapashwa tena kwa moto mdogo ili kipunguziwe ukali. Katika kipimo cha ugumu cha Rockwell C, spana nzuri za aina hii huwa kati ya 52 na 60 hivi.

Hapa pana neno jingine la kuangaliwa. "Chuma cha pua" kwa asili ni chuma kilichoimarishwa, lakini siku hizi watu wengi hulitumia kwa chuma kisichoshika kutu cha sufuria na sinki. Mnunuzi akiomba spana ya chuma cha pua aweza kupewa kitu kinachong'aa kama kijiko, na kilicho laini vilevile. Mwandishi angependa neno "feleji", lililotumika tangu zamani kwa chuma cha daraja la juu, litengwe kwa ajili ya chuma cha zana. Spana za kawaida zilizo nzuri hutengenezwa kwa feleji yenye kromiamu na vanadiamu, nazo hupigwa chapa ya CR-V. Chapa S2 huonyesha feleji yenye silikoni na molibdenamu, iliyokusudiwa kustahimili mishtuko. Chapa pekee si ushahidi, maana kupiga herufi tatu juu ya chuma si kazi ngumu. Vivyo hivyo namba ISO 2936, ambayo ni kiwango cha kimataifa cha spana hizi, huaminika kwa kadiri anavyoaminika aliyeiandika.

Kinachobaki ni macho na mikono. Uso wa ncha uwe umekatwa sawasawa, na pembe zake ziwe kali hadi mwisho. Ncha iliyokatwa kwa kubanwa huwa na ukingo uliovimba ambao hauingii vizuri. Kipimo kiwe kimepigwa chapa juu ya kila spana, si juu ya kifuko tu. Mwenye kaliba apime bapa hadi bapa katika sehemu tatu za mkono: spana nzuri haitofautiani. Kiwiko kisiwe na ufa wala kubonyea. Rangi nyeusi ya oksidi haiongezi unene, kwa hiyo hulinda usahihi wa kipimo, ila haizuii kutu peke yake. Katika hewa ya chumvi ya Tanga, Mombasa au Unguja haina budi kupakwa mafuta. Utando mzito wa kung'aa hupendeza, lakini ukibanduka hubandukia ndani ya tundu. Jaribio la tupa ni zuri: tupa ikipitishwa juu ya chuma kigumu huteleza, juu ya laini huuma. Mwenye duka hatakubali lifanyike mbele yake, kwa hiyo mwenye kununua seti nyingi kwa ajili ya karakana anunue moja kwanza.

Aangalie pia bolti atakayoifungua. Namba 12.9 iliyopigwa juu ya kichwa huonyesha bolti yenye nguvu kubwa sana, kuizidi 8.8 ya kawaida. Spana ya bure iliyofungwa pamoja na meza haikutengenezwa kwa ajili ya 12.9. Ncha tufe nayo ni ya kuzungushia upesi mahali finyu tu. Kwa kuwa inagusa tundu mahali padogo na shingo yake ni nyembamba, kukaza kwa mwisho kufanywe kwa ncha iliyo bapa. Kuongeza bomba juu ya mkono ili kupata nguvu ni kuomba spana ikatike.

Spana iliyolika nchani si ya kutupa. Isagwe milimita chache kwa jiwe la kinoo huku ikichovywa majini mara kwa mara, hadi pembe kali zionekane tena. Ikigeuka rangi ya buluu wakati wa kusagwa, ugumu wake umepungua, na sehemu hiyo nayo iondolewe.

Wasomaji walio katika karakana na vyuo vya ufundi, hasa wa Kenya na Kongo ambako mazoea ya usemi hutofautiana na yetu, wanaombwa watuletee majina wanayoyatumia kwa kiwiko, ncha tufe na skrubu zama. Hili la mwisho ndilo ambalo mwandishi hana hakika nalo zaidi, kwani "zama" laweza kumpeleka msomaji kwenye zama za kale kabla hajafika kwenye skrubu.