Anayekata Picha Asiwakatize Watu Kauli

Msafiri atokaye Malindi kuelekea kaskazini hufika Minjila, mahali ambapo barabara hugawanyika. Moja huendelea hadi Garsen, Hola na Garissa. Nyingine hushika njia ya Gamba na Witu hadi Lamu. Katika vibanda vya chai vya njia panda hiyo, sikio lililozoea kuchunguza lugha halikosi la kusikiliza. Utasikia Kipokomo, Kiorma, Kisomali na Kiswahili, na mara nyingine mtu mmoja huanza habari yake kwa lugha hii na kuimaliza kwa ile. Ni hapo nilipoanza, mwaka 2021, kupiga filamu ya hali halisi kuhusu lugha za Delta ya Tana.

Nia yangu ilikuwa ndogo. Nilitaka kuwaonyesha wanafunzi wangu jinsi wakulima Wapokomo na wafugaji Waorma wanavyozungumza sokoni, kivukoni na katika malka, yaani zile njia ambazo mifugo hupitia ili kuyafikia maji ya mto. Lakini Mto Tana haumngoji mtu apange somo lake. Mwezi Novemba 2023 mvua za El Niño zilinyesha, mto ukafurika, na barabara ya kwenda Lamu ikakatika katika eneo la Lango la Simba. Watu niliokuwa nikiwarekodi wakahamia kwenye nyanda za juu, nami nikawafuata na kamera. Zikaja harusi, yakaja mazishi, zikaja kesi za mifugo kuingia mashambani. Nilipoiweka kamera chini mwaka 2024, nilikuwa na picha za saa 120.

Saa 120 si mchezo. Mtu akizitazama kwa saa nane kila siku bila kukosa, zitamchukua siku 15 kuzitazama mara moja tu, naye bado hajakata hata kipande kimoja. Filamu niliyoikusudia ilikuwa ya dakika 90. Maana yake ni kwamba kwa kila dakika moja itakayoonekana, dakika 79 hazina budi kuachwa. Na mwenye kuziacha ni nani? Ni mimi peke yangu. Sikuwa na fedha za kumwajiri mhariri. Nilikuwa na kipakatalishi, diski nne na programu ya kuhariri isiyolipiwa.

Hapana shaka kwamba si mimi wa kwanza kuzama katika bahari ya aina hii. Mmarekani Frederick Wiseman, ambaye filamu yake ya kwanza, Titicut Follies, ilitoka mwaka 1967, alijijengea sifa kwa kuhariri filamu zake mwenyewe, tena bila sauti ya msimulizi wa kumwongoza mtazamaji. Kwa filamu yake ya At Berkeley ya mwaka 2013, inayohusu Chuo Kikuu cha California, alitoka chuoni na picha za saa zipatazo 250, akazipunguza hadi zikabaki saa nne. Huku kwetu, Philippa Ndisi-Herrmann alikwenda Lamu akitaka kupiga filamu kuhusu bandari mpya iliyokuwa ikijengwa. Filamu iliyotoka mwaka 2018, New Moon, ikawa ni ya safari yake mwenyewe ya kuingia katika dini ya Kiislamu. Picha zina tabia hiyo: huenda ukazikusanya kwa nia moja, nazo zikakulazimisha useme jambo jingine.

Kwa hiyo, uhariri wa filamu si kazi ya kufagia takataka baada ya karamu. Hapo ndipo filamu inapotungwa. Mwanaisimu huielewa kazi hiyo kwa wepesi, kwa kuwa inafanana na utungaji wa sentensi. Picha moja, kama neno moja, ina maana yake; lakini maana inayomfikia mtu hutokana na mpangilio. Weka picha ya mtoto anayelia baada ya picha ya sahani tupu, na mtazamaji atasema mtoto ana njaa. Iweke picha ile ile baada ya picha ya jeneza, naye atasema mtoto amefiwa. Mtoto ni yule yule, na machozi ni yale yale. Aliyebadilisha habari ni mhariri, naye haonekani.

Nguvu hiyo humlevya mtu anayefanya kazi peke yake. Usiku, watu wakiwa wamelala, hakuna wa kumbishia. Anajua kwamba mama fulani atacheka baada ya sekunde tatu, na kwamba mbuzi atapita nyuma ya mzee fulani. Ameshawasikia watu hao mara nyingi mno hata anadhani anawajua kuliko wanavyojijua. Ni katika hali hiyo nilipotenda kosa ninalotaka kulisimulia, maana naona lina funzo kwa walimu na wanafunzi ambao siku hizi nao hushika kamera.

Kipokomo ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Wataalamu huziweka lugha hizo mbili, pamoja na Kimijikenda, Kiilwana na lugha za Visiwa vya Ngazija, katika kundi moja la Kibantu liitwalo Sabaki. Mswahili akitega sikio kwa makini, hukosi kumwona akikidaka Kipokomo hapa na pale. Kiorma si hivyo. Hicho ni Kikushi, tawi la Kioromo, na muundo wake una njia zake. Katika Kiswahili kitenzi huja mapema, na ukanushi hujitokeza mwanzoni mwa kitenzi hicho: tukisikia “hawaku”, tunajua tayari kwamba jambo halikutendeka, hata kabla ya kujua ni jambo gani. Katika Kiorma, kwa kawaida, mtenda na mtendwa hutangulia na kitenzi hufunga sentensi. Na kwa kuwa alama ya ukanushi hukaa kwenye kitenzi, msikilizaji hana budi kungoja hadi mwisho ajue kama anaambiwa ndiyo au la.

Jambo hilo nalifundisha kila mwaka. Naliandika ubaoni, natunga mitihani juu yake. Na bado lilinipita.

Mzee mmoja wa Kiorma alinizungumzia kuhusu mapigano ya mwaka 2012. Asiyekumbuka na akumbushwe: kati ya Agosti 2012 na mwanzo wa mwaka 2013, Wapokomo na Waorma wa Delta ya Tana walishambuliana vijiji kwa vijiji, na watu zaidi ya 100 wakauawa, wanawake na watoto wakiwamo. Mzee huyo alikuwa akisema juu ya jirani zake wakulima. Nikiyafuata maneno yake kwa mpangilio wake, alisema hivi: wale jirani zetu wa mashambani, tuliochota nao maji katika mto mmoja, mwaka ule wa moto, sisi... Hapo akanyamaza. Akakohoa, akaihamisha fimbo yake kutoka mkono huu hadi ule, akatazama chini. Zikapita sekunde saba. Kisha kikaja kitenzi, kwa sauti ya chini: hawakututupa.

Mimi nilikuwa nikifanya kazi kwa muhtasari wa tafsiri nilioandikiwa na kijana mmoja, mstari mmoja kwa kila dakika. Ilikuwa yapata saa nane za usiku, na filamu ilikuwa ndefu kwa dakika 15 kupita kiasi. Nikaona mzee amenyamaza, nikaona uso wake umejaa huzuni, nikadhani kauli imekwisha. Nikakata pale pale kwenye neno “sisi”. Baada yake nikaweka picha ya nguzo za nyumba iliyoungua, na chini ya picha nikaandika tafsiri yenye nukta tatu. Nilijiona nimefanya jambo la busara. Nilikuwa nimepata, hivi ndivyo nilivyojiambia, mahali ambapo kimya kinasema kuliko maneno.

Msomaji ameshaona nilichokifanya. Mzee alikuwa akiwatetea jirani zake. Kwa kukiondoa kitenzi, nilimgeuza kuwa mshtaki wao. Kila mtazamaji angeimalizia sentensi ile kwa kuzitazama nguzo zilizoungua, na katika nchi ambayo kumbukumbu ya moto bado haijapoa, sentensi ya namna hiyo haihitaji mwandishi.

Kilichoniokoa ni desturi moja ya utafiti niliyofunzwa nikiwa mwanafunzi: ukikusanya maneno ya watu, wapelekee wayasikie kabla hujayachapisha. Mwaka 2025 niliazima projekta, tukatundika shuka jeupe katika darasa moja huko Minjila, na wale walioonekana katika filamu wakaja, wakulima kwa wafugaji. Walicheka walipojiona. Walitajana majina. Ilipofika sehemu ya mzee, darasa likanyamaza, nami nikafurahi kwa ujinga wangu, nikidhani wameguswa na ufundi.

Aliyekivunja kimya kile alikuwa mama wa Kipokomo, mchuuzi wa samaki, ambaye kama wengi wa hapo anakisikia Kiorma vizuri.

“Mwalimu,” akaniuliza, “mbona umemkatiza mzee? Hajamaliza.”

Alikuwa akingoja kitenzi. Ulikuwa ni wema wa watu wake uliokuwa ukingojewa kutajwa, nami nilikuwa nimeukata. Mzee mwenyewe, aliyeketi mstari wa mbele, hakukasirika. Alisema tu kwamba yeye aliniambia yote, na kwamba ni mimi niliyeondoka mapema.

Nimeyatafakari maneno hayo kwa miezi mingi. Niliondoka mapema, ilhali nilikaa nao miaka mitatu! Nilizirudisha zile sekunde saba, na kitenzi kikarudi mahali pake. Kisha ikanibidi nizipitie upya saa zote za Kiorma pamoja na msemaji wa lugha hiyo, neno kwa neno. Nilizipitia kwa ELAN, programu ya Taasisi ya Max Planck ya huko Nijmegen ambayo wanaisimu huitumia kuandika maneno sambamba na picha na sauti. Tuligundua mahali pengine patatu ambapo mkasi wangu ulikuwa umetangulia kitenzi.

Yamkini baadhi ya wasomaji watasema kwamba dawa ni kutokuhariri peke yako. Wana hoja. Filamu ya Sam Soko, Softie, ilipotuzwa kwa uhariri wake katika tamasha la Sundance mwaka 2020, tuzo hiyo walipewa wahariri watatu: Mila Aung-Thwin, Ryan Mullins na Soko mwenyewe. Hata hivyo, wengi wetu hatuna uwezo huo, na sioni kwamba mtu anyamaze kwa kuwa hana fedha za kuwaajiri wenzake wawili. Kukaa peke yako na mashine si kosa. Kosa ni kuwa peke yako katika kuelewa.

Tunaweza kujifunza pia kwa Mfaransa Claude Lanzmann, ambaye filamu yake ya Shoah, kuhusu mauaji ya Wayahudi wa Ulaya, ilitoka mwaka 1985 ikiwa na urefu wa zaidi ya saa tisa. Iliyahitaji mikono ya mhariri Ziva Postec kwa miaka kadhaa. Mambo mawili ya filamu hiyo yananivutia kama mwanaisimu. La kwanza, mahali ambapo Lanzmann hakuijua lugha ya anayehojiwa, sauti ya mkalimani haikuondolewa: mtazamaji humsikia shahidi akisema, kisha mkalimani, naye anajua kwamba habari imepita katika mikono ya mtu. La pili, mabaki hayakutupwa. Saa zipatazo 220 za picha ambazo hazikuingia katika filamu zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la mauaji hayo huko Washington, na anayetaka kuhakikisha kilichokatwa anaweza kwenda kukitazama.

Nayasema haya kwa kuwa shule zetu nyingi sasa hutengeneza filamu kwa ajili ya tamasha la kitaifa la drama na filamu, na mwanafunzi mwenye simu anaweza kumrekodi nyanya yake kwa saa nzima na kumpunguza hadi dakika mbili kabla ya chakula cha jioni. Ni jambo la heri. Lakini mwalimu anayemfundisha mwanafunzi kutumia mashine hiyo amfundishe pia sarufi ya anayerekodiwa. Amwambie aandike maneno yote kabla ya kukata hata moja. Amwambie kwamba kimya cha mzee si nukta. Amwambie azihifadhi picha alizoziacha, na amrudishie nyanya filamu aione yeye kwanza, kabla ya waamuzi wa tamasha.

Filamu yangu imekamilika. Ina dakika 97, saba zaidi ya nilizokusudia. Ndani yake mna sekunde saba ambazo mzee anakohoa na kuihamisha fimbo yake, na rafiki yangu mmoja aliyeitazama mjini alinishauri nizitoe, kwani, alisema, hakuna linalotendeka hapo. Nilimwomba asubiri kidogo.