Kozi moja kwa wakati mmoja

Wazazi wengi katika makanisa yetu wanamfahamu profesa mgeni. Anafika Bukavu ama Bunia, anafundisha kozi nzima kwa siku chache, asubuhi na mchana, kisha anarudi kwake. Kwetu mara nyingi sababu ni uhaba wa walimu. Huko Marekani kuna vyuo vilivyoichagua njia hiyo kwa kupenda.

Chuo cha Colorado College kiliianza mwaka 1970. Mwanafunzi anasoma kozi moja tu kwa wiki tatu na nusu, anapumzika siku chache, ndipo anaingia nyingine. Cornell College, katika jimbo la Iowa, kilifuata mwaka 1978. Kwao kozi moja ni siku 18.

Faida inategemea somo. Mchoraji anapata siku nzima mbele ya kazi yake, na darasa la historia linaweza kwenda kutembelea makumbusho bila kukosa somo lingine. Hesabu ni shida zaidi: kanuni ya leo itatumika kesho asubuhi, hata kama haijaingia kichwani.

Tena kuna hatari ya kukosa. Muhula wa kawaida una wiki kama 15. Ukiubana katika siku 18, siku moja ya homa inakula karibu wiki nzima ya masomo. Kijana anayefanya kazi usiku ili alipe ada aulize jambo hilo kabla ya kujiandikisha. Na huku kwetu, profesa akiwa bado njiani, tumtafutie mtoto silabusi aanze kuisoma.