Halali ya Mpakani: Kuku Hai Ndiye Cheti

Bodaboda wanaotoka vijiji vya Tororo, Sop Sop kikiwemo, huingia Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, asubuhi na matenga ya kuku wa kienyeji nyuma ya kiti. Mnunuzi humtoa mmoja, akampapasa kifua, akamkunjua bawa, akamtazama macho. Wakishapatana, kwa shilingi za Uganda au za Kenya, kuku anavuka.

Kwa mteja Mwislamu, uhai wa kuku huyo una thamani yake. Atamchinja mwenyewe au atampelekea mchinjaji anayemjua: kisu kikali, bismillahi, koo na mishipa vikatwe, damu ichuruzike. Njia inaweza kuwa ndefu, lakini kisu kinangoja mwisho wa safari, mbele ya macho ya mlaji. Kuku hai ni cheti kinachotembea. Samaki ana nafuu zaidi: sangara, na dagaa ambao Wakenya huwaita omena na Waganda mukene, hawahitaji mchinjaji.

Mtihani ni kuku anayefia njiani. Jua ni kali, tenga limesongamana, na foleni haisogei. Akikata roho, huyo ni kibudu, si halali kuliwa, na mwenye mali amepata hasara. Lakini akinyonyolewa upesi, akakatwa vipande na kuuzwa kwa mwenye hoteli kwa bei ya kutupa, nani atamtambua akishaingia kwenye mchuzi?

Nyama ya ng'ombe ina hadithi yake. Mwaka 1876 Kabaka Mutesa wa Kwanza, mfalme wa Buganda, aliwaua Waislamu wapatao 70, na chanzo kimojawapo cha ugomvi kilikuwa kukataa kwao nyama iliyochinjwa na wachinjaji wa ikulu. Baadaye mambo yaligeuka: Uganda ikazoea mchinjaji Mwislamu, hata pale ambapo walaji wengi ni Wakristo. Katika sensa ya 2014 Waislamu walikuwa asilimia 13.7 tu, lakini kisu cha machinjioni kiliendelea kuwa chao kwa desturi. Desturi hiyo imewafanya wateja waamini bila kuuliza. Lakini inaishia mlangoni pa machinjio. Haifuati nyama kwenye pikipiki, kwenye friji, wala kwenye gogo la bucha ambako nguruwe anaweza kuwa amekatwa asubuhi ile ile.

Serikali nazo zina kazi nyingine. Kituo cha pamoja cha huduma mpakani Busia, kilichozinduliwa rasmi na Marais Museveni wa Uganda na Uhuru Kenyatta wa Kenya mwaka 2018, kimepunguza usumbufu wa kuvuka. Utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki humsaidia mchuuzi mwenye mzigo usiozidi dola 2,000. Ila karatasi hizo zinahusu ushuru, asili ya bidhaa na maradhi ya mifugo. Cheti cha halali hutoka kwingine, kwa vyombo kama Kenya Bureau of Halal Certification na Baraza Kuu la Waislamu Uganda. Kinakifaa kiwanda, au machinjio yanayopeleka nyama ya mbuzi Umoja wa Falme za Kiarabu. Mwenye matenga mawili hana faida ya kukilipia.

Hata hivyo, nyama iliyokwisha kuchinjwa na kugandishwa inazidi kuchukua nafasi ya kuku hai, na macho ya mlaji hayatatosha tena. Dawa si lazima iwe ghali: banda la kuchinjia sokoni, mchinjaji anayetambuliwa na msikiti, kisu na gogo visivyogusa nguruwe, na daftari la kuandika nani kachinja, lini, nyama imekwenda kwa nani, na kuku wangapi walifia njiani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Halali nayo hupotea hivyo hivyo.

Basi ewe mwenye hoteli, ukiletewa nyama ya bei ya kutupa, omba daftari uangalie idadi ya kuku waliofia njiani. Likikosa safu hiyo, usinunue.