Mume wa Majini Asivunje Ndoa Zetu

Akina mama wapenzi, nani kati yetu haijui hadithi hii? Mwanamume anakutana na msichana mzuri kupita kiasi. Anampenda, anamleta nyumbani. Usiku wa manane msichana anageuka nyoka, au anakuwa samaki kuanzia kiunoni. Mali inaongezeka lakini watoto hawazaliwi, na siku mume anapovunja sharti, anaangamia. Mapenzi na hofu vimepikwa chungu kimoja, ndiyo maana tunatazama hadi mwisho ingawa tumejifunika kanga usoni.

Wanigeria ndio mabingwa wa hadithi hizi. Mwaka 1994 Zeb Ejiro aliongoza filamu ya Nneka the Pretty Serpent, inayomhusu mwanamke mrembo mwenye nguvu za giza, anayewanasa wanaume ili achukue roho zao. Filamu za namna hiyo zilitufikia kwa kanda za video. Katika vibanda vya video vya Tanzania, wasimulizi walizieleza kwa Kiswahili. Hazikuwa ngeni sana kwetu, kwani Pwani tulikwisha kusikia habari za jini mahaba, anayempenda binadamu na kumwonea wivu mwenzi wake.

Sura ilikotoka

Huko Afrika Magharibi huyo malkia wa maji huitwa Mami Wata. Imani juu ya pepo wa maji ni ya zamani sana, lakini ile sura maarufu ya mwanamke mwenye nywele nyingi na nyoka mwilini ina historia yake. Ilitokana na picha iliyochapishwa Hamburg, Ujerumani, katika miaka ya 1880, ya mwanamke aliyefanya maonyesho ya kuchezea nyoka. Picha hiyo ikavuka bahari hadi Afrika Magharibi, watu wakaona ndiye yule wanayemsikia. Mwaka 1955 ilichapishwa upya Bombay, India, ikazidi kuenea. Kumbe sura iliyowanyima wengi usingizi ilikuwa ya msanii aliyekuwa akijitafutia riziki!

Hatari iko wapi?

Hatusemi kwamba pepo wabaya hawapo. Biblia inatufundisha kujihadhari nao. Wala si dhambi kufurahia hadithi ya kutisha. Hatari ni pale hadithi inapotoka kwenye kioo na kuingia chumbani. Bibi arusi akikaa miaka miwili bila kushika mimba, mawifi huanza kunong'ona: "Huyu ana mume wa majini." Mimba ikiharibika, ni huyo huyo. Mume akilala nje, ni huyo huyo. Mke hupelekwa kwa mwombezi huyu na yule, hufungishwa na kutozwa fedha, wakati mume hajapimwa hata siku moja.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita hupata tatizo la kutopata mtoto katika maisha yake. Chanzo chaweza kuwa kwa mke, kwa mume, au kwa wote wawili. Mirija ya uzazi huweza kuziba kwa sababu ya magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa. Mbegu za mume nazo huweza kuwa chache au dhaifu. Mengi ya hayo hupimika hospitalini, na baadhi hutibika.

Sara binti Ragueli

Kitabu cha Tobiti, kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki, kina habari inayotuhusu. Sara aliolewa na waume saba, na wote wakauawa na pepo Asmodeo usiku wa arusi. Mjakazi alimtukana kwamba ndiye aliyewaua. Sara aliumia hata akafikiria kujinyonga, lakini akamgeukia Mungu. Tazameni, akina mama: aliyeonewa ndiye aliyelaumiwa! Naye Tobia alipomwoa hakumkimbia wala kumshutumu. Usiku ule walisimama wote wawili wakasali pamoja.

Huo ndio mfano wetu. Mke na mume wasali pamoja, wazungumze bila kufichana, na waende hospitali wote wawili. Mwombezi akimtaka mke peke yake, tena na fedha mkononi, tushtuke. Watoto wakitazama filamu hizi, tukae nao tuwaeleze kwamba uzuri wa msichana si alama ya uchawi.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kinachoharibu ndoa nyingi hakitoki baharini: ni ukimya, ulevi, uzinzi na maneno ya jirani. Na kama katika ukoo wetu yupo mke anayenong'onwa hivyo, mwezi huu twende tukamtembelee. Tusimpelekee maswali. Tukae naye, tule naye, na anayemsema tumkanye.